Yai la Mnyoo Haliogopi Klori

Mazungumzo ya timu ya maji na usafi mbele ya wanamemba wa chama na wafadhili, Bunia



Komite ilituomba tujibu swali moja. Lilitoka kwa mama mmoja mwanamemba, na alilisema kwa hasira kidogo: "Batoto bangu banakunywa dawa ya minyoo kila wakati bareko banapita. Maji natia klori. Mikono bananawa. Sasa hii minyoo inatokea wapi tena?" Wengi waliitika pale pale. Sisi tunaona ni swali la haki, kwa sababu mama yule anafanya yote aliyoambiwa, na bado mtoto wake anatoa minyoo.

Kabla ya kuanza, tuombe ruhusa. Leo tutatamka neno mavi mara nyingi. Tukisema "uchafu", watu wanafikiri maganda ya ndizi na mifuko ya plastiki ya sokoni, na mazungumzo yanapotea njia. Basi mutuvumilie, wazee.

Mnyoo tunayemzungumzia, watu wa afya wanamwita askarisi. Wengi wenu munamjua kwa macho: mrefu, mviringo, mweupe wa kuelekea rangi ya waridi, kama tambi iliyopikwa ila yeye ana ncha pande zote mbili. Jike anafika sentimita 20 hadi 35. Anakaa katika utumbo mwembamba, anaishi mwaka 1 hadi 2, na kila siku anaweza kutaga mayai kama 200,000. Tumesema kila siku. Mtoto mwenye majike matano tumboni, mavi yake ya siku moja yanaweza kuwa na mayai milioni 1. OMS inakadiria kwamba watu bilioni 1.5 duniani wana minyoo wa udongo, yaani huyu askarisi na ndugu zake. Kwa hiyo tusiseme ni ugonjwa wa aibu wa watu wa Ituri.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Yai likitoka pamoja na mavi, siku ile haliwezi kumwambukiza mtu. Linahitaji kwanza kukaa nje, kwenye udongo wenye unyevu na joto la wastani, kwa muda wa wiki 2 hadi 4 hivi, mtoto wa mnyoo akomae ndani ya ganda. Njo maana huwezi kupata askarisi kwa kumsalimia mwenye nayo, wala kwa kulala naye kwenye mkeka mmoja. Unaipata kutoka udongoni. Udongo ulio kwenye nyanya, udongo ulio chini ya kucha, udongo ulioingia kisimani na maji ya mvua, udongo ulioshika embe ambalo mtoto ameokota chini ya mti. Na yai likishakomaa, linajua kungoja. Kwenye udongo wa kivuli wenye unyevu linaweza kungoja miaka.

Munaona maana yake kwa mtu wa kurudi? Mtu amekimbia Djugu mwaka 2018, amelala kwenye site hapa Bunia, kisha siku moja anaambiwa kwao kumetulia. Anafika anakuta parseli ilikaliwa na watu wengine, ama ilipitiwa tu na kila mtu kwa sababu haikuwa na mwenyewe. Miti ya choo ilichomwa kuni. Watu walijisaidia nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Halafu hao watu wakaondoka, mvua ikafuta alama zote, majani yakaota. Mama anaangalia, anaona pale nyuma ya nyumba udongo ni mweusi na mzuri, anapanda lenga-lenga na nyanya pale pale. Mayai ya watu ambao hakuwahi kuwaona yanaingia ndani ya nyumba yake kwa njia ya kitunga cha mboga.

Hatusemi hivi ili kumtafutia mtu kosa. Mtu aliyekimbia risasi hawezi kuulizwa habari za choo. Tunasema ju ya wale wanaorudi leo, kwamba udongo wanaoukuta una historia yake.

Mtu akimeza yai lililokomaa, mtoto wa mnyoo anatoka ndani ya ganda akiwa tumboni, anatoboa ukuta wa utumbo, anaingia kwenye damu, anapita kwenye ini, anafika kwenye mapafu. Huko anakaa siku 10 hadi 14 hivi. Kisha anapanda njia ya pumzi hadi kooni, na mtu anamumeza mara ya pili, bila kujua. Ndipo sasa anarudi kwenye utumbo na kuwa mkubwa. Kutoka kumeza yai hadi jike kuanza kutaga ni miezi 2 hadi 3. Wengi wakisikia safari hii wanatuona waongo. Kwa nini mnyoo azunguke hivyo wakati alikuwa ameshafika tumboni? Hata wataalamu walibishana. Mwaka 1922 kuko daktari mmoja Mjapani, Shimesu Koino, aliamua kumaliza ubishi kwa mwili wake mwenyewe: alimeza mayai 2,000 yaliyokomaa. Baada ya siku chache alipata homa na kikohozi kikali kama mgonjwa wa nimonia, na kwenye makohozi yake wakaona watoto wa minyoo. Hatumshauri mtu afanye hivyo.

Tunataja habari hiyo kwa sababu ya ba mama. Mtoto anayekohoa na kupumua kwa mluzi wiki moja ama mbili, anaweza kuwa anapitiwa na minyoo mapafuni. Mumpeleke kituo cha afya kama kikohozi chochote, musimpe dawa ya minyoo nyumbani mukifikiri mumemaliza. Kidonge kinaua wale walio tumboni. Wale walio njiani mapafuni kinawakosa, na miezi miwili baadaye munawaona tena. Hapo tayari swali la mama yule limepata nusu ya jibu.

Nusu ya pili ni klori.

Mkoa huu umejua klori vizuri. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 tulikuwa na Ebola katika Nord-Kivu na Ituri, na kila mlango wa soko, wa kanisa, wa masomo ulikuwa na ndoo yake yenye robine. Kabla ya hapo na baada ya hapo kuko kolera upande wa ziwa, Tchomia, Kasenyi. Klori imeokoa watu wengi, tena inaendelea kuwaokoa. Mtu asitoke hapa akisema timu ya maji imekataza klori! Mdudu wa kolera anakufa kwa klori. Virusi vya Ebola vinakufa kwa klori. Lakini yai la askarisi lina ganda la matabaka, na tabaka la ndani ni kama mafuta. Dawa inateleza juu yake. Katika maabara, wataalamu wanaotaka kuyakuza mayai haya wanayaweka ndani ya formalini nyepesi, ya jamii ile ile wanayohifadhia maiti, na yanakua bila shida. Sasa kile kijiko cha klori ndani ya bidoni ya lita 20 kitafanya nini? Yai linaoga tu.

Kwa hiyo maji yaliyotiwa klori ni salama kwa kolera, ila kwa askarisi bado. Kitu kinachoua yai ni moto. Maji yakichemka, kwisha habari yake. Tunajua makala ni ya bei, na hatutasimama mbele ya mama anayehesabu makala yake kwa sahani tukamwambia achemshe kila tone. Kuna njia nyingine. Yai la askarisi ni kubwa kuliko wadudu wengine wa maji na ni zito. Ukiyapanga mstari mmoja, mayai kama 16 yanatimiza milimita 1. Kwa ukubwa huo yanazama. Ukiacha maji ya kisima yatulie usiku mzima bila kuguswa, asubuhi ukamimina polepole maji ya juu kwenye chombo kingine, ukaacha yale ya chini, umeacha mengi ya mayai pale chini. Ukipitisha maji hayo ya juu kwenye kitambaa cha pamba kilichozeeka, kilichokunjwa mara 4, umepunguza tena. Ndipo sasa utie klori. Kwanza yatulie, pili kitambaa, tatu klori. Na yale maji ya chini yamwagwe chooni, yasimwagwe kwenye bustani.

Hata hivyo, tukisema ukweli, maji siyo mlango mkubwa wa huyu mnyoo. Mlango mkubwa ni chakula kibichi na mikono ya watoto. Sombe haina shida: inatwangwa, inachemshwa saa nzima na zaidi, hakuna yai litakalobaki. Lenga-lenga iliyoiva vizuri pia. Shida ni nyanya na kitunguu vya kukatia mbichi, kabichi ya saladi, karoti ambayo mtoto anang'oa shambani na kuitafuna baada ya kuipangusa kwenye suruali. Mapera. Miwa inayochunwa kwa meno. Vyote hivyo vioshwe kwa maji yanayotiririka, kwa kusugua na mkono. Kuvizamisha ndani ya beseni tu haitoshi, kwa sababu yai lina utando unaonata, halibanduki kwa kusalimiwa. Kinachoweza kumenywa, kimenywe. Mikono ni vilevile. Sabuni haiui yai, kusugua njo kunaliondoa, na kucha ndefu za mtoto ni ghala. Kama sabuni imekwisha, majivu yanasaidia kusugua.

Kuko na ule udongo wa kula unaouzwa sokoni, ambao mama wenye mimba wanaupenda sana. Tunajua hamu ya mimba haina hoja. Lakini udongo unaotoka moja kwa moja shimoni, ukala bila kupitishwa motoni, unakula na kilichomo.

Tumalize haraka maneno matatu tunayosikia kila kartie. Sukari haileti minyoo. Ndizi mbivu na karanga pia hazileti. Minyoo inatoka kwenye yai, na yai linatoka kwenye mavi ya mtu. (Nguruwe wana mnyoo wao anayefanana sana na huyu, na anaweza kuingia mtu, kwa hiyo mavi ya nguruwe nayo yasitiwe kwenye bustani ya saladi.) Mtoto kusaga meno usiku si kipimo cha minyoo. Na yale maneno ya wazee wengine kwamba kila mtu ana minyoo wake wa kumsagia chakula, kwamba wakitoka wote atakufa, wazee wetu mutusamehe: wao njo wanakula, mtu anabaki na makombo. Wanazuia hata vitamini A isiingie vizuri mwilini. Familia ya kurudi, ambayo mavuno ya kwanza bado miezi, inagawana sahani na wageni ambao haikuwaalika.

Watoto wengi wenye askarisi wachache hawaonyeshi dalili yoyote. Hatari iko kwa wenye wengi. Minyoo wakubwa wanaweza kufungana kama kamba na kuziba utumbo. Ukiona mtoto tumbo limevimba na kukaza, anatapika, hapati choo wala hatoi hewa, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, usiku ama mchana. Tunaomba sana: musimpige lavema ya majani mtoto wa namna hiyo, wala musimpe kidonge cha minyoo kwanza mukangojea. Anahitaji daktari wa kupasua awe karibu. Pesa za mfuko wa dharura wa chama ni za siku kama hiyo.

Hapa tutoke Ituri kidogo, twende mbali, halafu turudi. Korea Kusini walimaliza vita vyao mwaka 1953. Nchi ilikuwa imechomwa, watu wamehama, masikini. Mashamba yao yalirutubishwa kwa mavi ya watu, na karibu kila mtu alikuwa na minyoo. Mwaka 1963, katika mji wa Jeonju, msichana wa miaka 9 aliletwa hospitali akiwa na maumivu makali ya tumbo. Walipompasua walitoa askarisi 1,063. Mtoto akafa. Nchi ile iliona haya na uchungu. Mwaka uliofuata, 1964, raia na madaktari waliunda chama cha kupigana na minyoo. Mwaka 1966 ikatoka sheria. Na kuanzia 1969 kila mwanafunzi alipaswa kupeleka mavi yake masomoni ndani ya kibahasha, mara 2 kwa mwaka. Aliyekutwa na mayai alipewa dawa. Watu wazima wa Korea wakikumbuka vile vibahasha wanacheka mpaka leo. Mwaka 1971 zaidi ya nusu ya watu waliopimwa walikuwa na askarisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hakukuwa hata na mtu 1 kwa 100.

Tunaleta Korea kwa sababu mbili. Kwanza, hawakugawa dawa kwa kubahatisha. Walipima, wakarudi, wakapima tena, miaka zaidi ya 20. Pili, wakati dawa inaendelea, mavi yalikuwa yanaondoka mashambani. Mbolea ya dukani ikachukua nafasi yake, vyoo vikajengwa, bomba za maji zikafika. Kidonge peke yake kisingefika popote, kwa sababu mtoto aliyemeza kidonge Jumatatu anaweza kumeza yai Jumanne.

Sisi hapa tunacho kidonge. Albendazoli ya miligramu 400, mara moja, ama mebendazoli ya miligramu 500, mara moja. Mtoto wa kati ya mwezi wa 12 na wa 23, albendazoli ni nusu, miligramu 200. Chini ya mwaka mmoja hapewi kwenye kampeni. Mama mwenye mimba hapewi katika miezi 3 ya kwanza, kwa hiyo aseme ukweli kwa muuguzi. Katika kampeni za vitamini A, watoto kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5 wanapewa bila malipo. Vidonge vya watoto wa masomo, watengenezaji wenyewe wanavitoa bure kupitia OMS. Basi mtu akikuuzia kando ya barabara chupa ya dawa ya minyoo ya makuta mengi, yenye picha ya nyoka, mwachie mwenyewe.

Na hapa tunaingia kwenye jambo ambalo komite itaamua wiki ijayo. Mutaruhusu tuseme wazi mbele ya wafadhili.

Kuna pesa kidogo kwenye mfuko. Pendekezo moja ni kununua dawa za minyoo na kufanya ugawaji wa pili kwa familia zote za wanamemba. Tunaelewa uzuri wake. Unafanyika kwa siku moja, mtoto anafungua kinywa, picha inatoka vizuri, ripoti inaandikwa jioni ile ile. Pendekezo la pili ni saruji, mchanga, na mafundi wawili wa kutengeneza dali, yaani ile sakafu ya saruji yenye tundu inayofunika shimo la choo. Hiyo inachelewa, inachafua nguo, na picha yake haivutii. Sisi tunasimama upande wa saruji.

Tulipopita nyumba kwa nyumba kwa familia zilizorudi, tulifikiri tutasikia kwamba hakuna nguvu ya kuchimba ama hakuna miti. Tulisikia hayo, lakini zaidi tulisikia jambo lingine. Papa mmoja alituambia akiwa amesimama kwenye kiwanja chake: "Hii mambo ya parseli bado iko kwa shefu. Naweza chimba leo, kesho banasema toka. Ntachimba choo ju ya nani?" Hatukuwa na jibu la haraka. Mtu mwenye shaka na ardhi anajenga kitu anachoweza kubomoa na kubeba. Mabati anayabeba. Mlango anaubeba. Shimo la mita 3 halibebeki. Kwa hiyo familia inaishi mwaka, miaka miwili, ikingojea karatasi, na wakati huo watoto wanajisaidia kwenye migomba. Kesi ya ardhi haitajwi popote kwenye ripoti za minyoo, na kwa macho yetu ni sababu kubwa kuliko ukosefu wa dawa.

Dali inaweza kusaidia hapo, kwa sababu dali inabebeka. Msumbiji walifanya kazi hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kwenye mitaa ya pembeni ya Maputo ambapo watu walikuwa wengi na makuta hakuna. Walitengeneza dali ya duara, imeinuka kidogo katikati kama mgongo wa kobe, na kwa umbo hilo haihitaji chuma ndani. Unaiviringisha kama gurudumu hadi kwenye shimo. Baadaye ikaja ndogo zaidi, ya mraba, sentimita 60 kwa 60, ambayo watu wawili wanaibeba. Unaiweka juu ya sakafu ya miti na udongo. Uso wake ni laini, unaoshwa, mtoto haogopi kuanguka, na tundu lina kifuniko. Mpango wetu ni huo: dali iwe mali ya familia, shimo libaki kwa parseli. Shefu akisema hama, dali inapanda baiskeli. Shimo likijaa, dali inahamia shimo jipya. Yule papa tulimrudia na maelezo haya. Aliuliza uzito wake, akatazama baiskeli yake, akasema ataongea na mama wa nyumba.

Kuna mambo machache ya kuzingatia, na mafundi watayarudia. Shimo liwe mita 30 kutoka kisima, na upande wa chini wa mteremko. Chini ya shimo pasifikie maji ya ardhi. Kiache mita 1 na nusu. Mlango uangalie nyumba, kwa sababu mama na wasichana wetu wengi hawatumii choo usiku wakiogopa, na choo kisichotumika usiku ni choo nusu. Mavi ya mtoto mchanga yatupwe chooni pia. Kuko desturi ya kusema ya mtoto hayana shida, wakati mtoto wa miaka 2 ama 3 naye anaweza kuwa na mayai mengi. Shimo lililojaa lifunikwe udongo wa kutosha na liachwe miaka 2 kwa uchache. Mwenye kutaka kupanda juu yake apande mgomba. Nyanya na saladi, hapana.

Tuseme na hili la site. Watu wakirudi kwao, hema zinavunjwa, na nyuma yake vinabaki vyoo vya mamia ya familia. Mahali pengine tumekuta vifuniko vimeng'olewa kwa ajili ya mbao, mashimo wazi, na majirani wameanza kulima pale kwa sababu mboga zinaota vibaya sana, yaani vizuri sana. Mboga hizo zinauzwa Bunia. Mwanamemba wa Mudzipela ama wa Nyakasanza ambaye hajawahi kulala kwenye site hata usiku mmoja anazinunua. Kufunga mashimo ya site kungepaswa kuwa ndani ya bajeti ya kurudisha watu, kama vile lori na kama vile chakula cha njiani. Wafadhili, tunawaomba mulibebe jambo hili kwa wenzenu.

Kwa upande wa pendekezo la dawa, mwanamemba mmoja wa komite alitupinga, na hoja yake ina uzito. Alisema familia iliyo njiani inaikosa kampeni pande zote mbili: kule ilikotoka imeshafutwa kwenye daftari, kule inakofika bado haijaandikwa. Ni kweli, tumewakuta watoto wa namna hiyo. Kwa hiyo tunapendekeza sehemu ndogo ya pesa ibaki kwa ajili yao, lakini dawa ikae kituo cha afya mikononi mwa muuguzi, na kazi ya chama iwe kuleta majina ya familia zilizofika mwezi huo. Reko watapita na orodha. Tungependa pia masomo mawili ama matatu yapime mavi ya watoto kabla ya dali na tena mwaka baada ya dali, ili tuwaonyeshe wafadhili kitu zaidi ya hesabu ya vidonge vilivyomezwa. Vibahasha vya Wakorea tutavitafuta. Watoto wacheke, si kitu.

Na wafadhili wakija kukagua, tunaomba waje baada ya mvua kubwa. Wahesabu dali ambazo bado ziko juu ya shimo, zenye njia iliyokanyagwa kwenda kwake. Njia yenye majani inasema kila kitu.

Kwa wale walio tayari kuanza bila kungojea kura ya komite: Jumamosi kutakuwa na salongo kwenye kiwanja cha chama, saa mbili ya asubuhi. Fundi ataleta kalibu ya dali ya mraba na tutamwaga tatu za kujifunzia. Kila kundi lilete jembe, koleo, ndoo, na mchanga wa mtoni uliooshwa, usiwe wa kuchota barabarani. Dali inakaa siku 7 chini ya gunia lenye maji kabla ya kuguswa, kwa hiyo kila kundi lichague mtu mmoja wa kumwagilia asubuhi na jioni, na jina lake liandikwe kwa karani leo kabla hamujatoka.